Tumbo Si Ushahidi

Msichana wa miaka 15 akianza kuvimba tumbo huko Migori au Homa Bay, kesi yake humalizwa kabla daktari hajamgusa. Mwalimu wa zamu humwita kando. Wenzake bwenini huanza kunong'ona. Nyumbani huulizwa swali moja tu, naye akikana, swali hurudi kwa ukali zaidi: "Ni nani?" Msichana anayejua kwamba hajalala na mtu hana la kujitetea isipokuwa kukana tena, na kila anapokana tumbo linazidi kukua.

Shaka hiyo ina msingi. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya nchini Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila moja ya kaunti hizi mbili, asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba, huku wastani wa nchi ukiwa asilimia 15. Katika utafiti wa mwaka 2014, Homa Bay ilikuwa na asilimia 33. Mzazi anayewaza mimba kwanza anawaza jambo linalotokea kweli. Hatari ni kuishia hapo. Wapo wasichana ambao kilichojaza tumbo lao ni uvimbe wa ovari, na wachache kati yao wana saratani inayokua kwa wiki, wala haingoji miaka. Miezi mitatu ya kushutumiwa, kufichwa ndani na kusubiri mtoto asiyekuwepo inatosha kuutoa ugonjwa kwenye ovari moja na kuusambaza tumbo zima.

Inauma zaidi kwa sababu ugonjwa wenyewe unatibika. Uvimbe wa ovari kwa wasichana wa umri huu, hata ule wa saratani, kwa sehemu kubwa hupona, na msichana akabaki na uwezo wa kuzaa. Mambo mawili huamua: alifika lini kwenye kipimo, na aliyempasua alijua nini cha kuacha.

Kosa la kale

Kudhani uvimbe ni mimba ni kosa la zamani sana, na historia ya upasuaji wa tumbo inaanzia hapo. Desemba 1809, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, Dkt. Ephraim McDowell aliitwa kumwona Jane Todd Crawford, mama ambaye waliomtangulia kumpima waliamini ana mimba iliyopitiliza siku zake, pengine ya mapacha. McDowell alimpima kwa mikono akakuta mji wa mimba hauna mtoto. Alimweleza ukweli: huu ni uvimbe, hakuna aliyewahi kuutoa mgonjwa akaishi, ila akikubali, atajaribu. Mama huyo alipanda farasi akasafiri karibu kilomita 100 hadi mji wa Danville. Alipasuliwa bila nusukaputi, kwa kuwa dawa hiyo ilikuwa haijavumbuliwa, na uvimbe uliotolewa ulikuwa na zaidi ya kilo 10. Alirudi nyumbani kabla mwezi haujaisha, akaishi miaka mingine 32.

Watu humsifu McDowell kwa ujasiri wa kisu. Lakini kabla ya kisu alifanya jambo ambalo afisa wa kliniki yeyote wa Ndhiwa au Kehancha anaweza kulifanya leo asubuhi: alikataa kuamini alichoambiwa juu ya tumbo, akalipima.

Kinachoota ndani ya ovari

Ovari ni mbili, moja kila upande wa mji wa mimba, na kila moja ina urefu wa sentimita 3 hivi. Msichana huzaliwa mayai yake yote yakiwa tayari humo. Akishabalehe, kila mwezi kifuko kidogo cha maji hukua kuzunguka yai, hupasuka, na yai hutoka. Kifuko kisipopasuka huendelea kujaa. Huo ndio uvimbe wa kawaida kuliko wote kwa vijana: maji matupu, ukuta mwembamba, mara nyingi chini ya sentimita 6. Huondoka wenyewe baada ya hedhi mbili tatu, na tiba yake ni kusubiri kisha kupiga picha tena.

Uvimbe wa pili kwa wingi ni ule madaktari wanaouita teratoma au demoidi. Unatokana na seli ambazo zingekuwa mayai. Seli hizo zina uwezo wa kutengeneza kiungo chochote cha mwili, na zikiamka bila mpangilio hutengeneza kile zinachoweza. Uvimbe huo ukipasuliwa mezani hutoka mafuta mazito ya manjano, nywele zilizosokotana, na pengine jino kamili lililoota ukutani. Katika jamii ambayo watu bado wanazungumza kwa hofu juu ya chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, na uchawi, familia inapaswa kuelezwa jambo hili kabla haijalisikia kwa uvumi. Jino hilo halikutokana na mtoto, wala na kujamiiana, wala na mwiko uliovunjwa. Uvimbe huu huweza kumpata hata mtoto wa darasa la tatu, na mara nyingi sana si saratani.

Kuna pia saratani zenyewe, nazo kwa vijana hutokana hasa na seli hizo hizo za mayai. Kwa akina mama wa miaka 50 na 60, saratani ya ovari mara nyingi huanzia kwenye utando wa nje wa ovari au kwenye mrija wake, huenea kimyakimya, na ni ngumu kuponya. Saratani ya msichana ni ugonjwa mwingine kabisa. Hukua haraka, huleta maumivu na tumbo kubwa mapema, aghalabu hukaa upande mmoja, na huyeyuka kwa dawa. Mwishowe kuna uvimbe unaotoa homoni: mtoto wa miaka 7 akaota matiti na kuvuja damu, au msichana sauti ikawa nzito na ndevu zikaanza kumtoka. Dalili hizo zisichekwe wala kufichwa. Zimpeleke kwa daktari.

Kwenye kitanda cha zahanati

Tumfuate msichana wa mfano. Yuko kidato cha pili, analelewa na nyanya yake upande wa Nyatike, ufuoni mwa Ziwa Viktoria. Sketi ya shule haifungiki tena. Ana maumivu ya chini ya tumbo, na nyanya amemleta "apimwe mimba ijulikane."

Muuguzi mzuri huanza kwa kutenga nafasi. "Nyanya, naomba utupishe kidogo, nitakuita." Mlango ukifungwa, anamgeukia msichana: "Mwanangu, utakachoniambia hapa ni cha matibabu. Sitakugombeza." Kisha anauliza hedhi ilikuja lini mara ya mwisho, tumbo limeanza kukua lini, kama anakonda, kama anapata homa au jasho la usiku, kama amewahi kukutana na mwanamume, na kama alilazimishwa. Swali hili la mwisho lazima liulizwe. Msichana aliyebakwa hatalijibu mbele ya familia.

Anamtuma kwanza kukojoa, maana kibofu kilichojaa kimewahi kudanganya mikono mingi. Halafu anapapasa. Kitu kigumu kinachopanda kutoka kwenye nyonga ni tofauti na bandama inayoshuka kutoka chini ya mbavu za kushoto, na katika ukanda huu wa malaria bandama kubwa ni jambo la kila siku. Kichocho cha ziwani huweza kujaza tumbo maji. Kifua kikuu cha tumbo hujaza maji na kukondesha pia. Msichana ambaye hajawahi kuona hedhi, lakini kila mwezi huumwa, huenda njia yake imezibwa na utando na damu inajikusanya juu yake. Huyo huponywa kwa mkato mdogo tu.

Kipimo cha mimba kifanywe kwa ridhaa yake, na kisomwe kwa akili. Mistari miwili haimalizi kesi. Baadhi ya saratani za ovari hutoa homoni ile ile ya ujauzito, hCG, na kipimo cha mkojo hakiwezi kujua homoni imetoka wapi. Kipimo kikionyesha mimba huku picha ikionyesha mji wa mimba mtupu, huenda ni mimba changa, au iliyotunga nje ya mji wa mimba, au ni uvimbe. Yote matatu yanahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Na kipimo kisipoonyesha mimba, kazi ya zahanati bado haijaisha, kwa sababu tumbo bado limevimba na lazima sababu itafutwe.

Hatua inayofuata ni picha ya ultrasaundi. Mradi wa serikali wa kukodisha vifaa vya tiba, ulioanza mwaka 2015, ulilenga kufikisha mashine za picha katika hospitali mbili za kila kaunti, na hospitali za rufaa za Migori na Homa Bay ndizo mahali pa kuanzia. Safari hii msichana huambiwa anywe maji mpaka kibofu kijae, kwa kuwa mawimbi ya sauti hupita vizuri kwenye maji na ovari zikaonekana nyuma yake. Kwa msichana ambaye hajaanza mahusiano, picha hupigwa juu ya tumbo. Hakuna sababu ya kumwingizia kifaa ukeni, na familia ina haki ya kuhakikishiwa hivyo.

Mpiga picha hutafuta mambo machache. Maji matupu ndani ya ukuta laini hutuliza moyo. Sehemu ngumu ndani ya uvimbe, mishipa ya damu inayopita humo, ukubwa unaozidi sentimita 8 au 10, ovari zote mbili kuvimba, au maji kuzagaa tumboni, ni alama za hatari. Zikionekana, damu ichukuliwe kabla ya upasuaji kupima AFP, hCG na LDH, vitu vinavyomwagwa na saratani hizi kwenye damu. Baada ya matibabu vipimo hivyo hivyo ndivyo vitakavyoonyesha kama ugonjwa umekwisha, na bila kiwango cha mwanzo hakuna cha kulinganishia. Kipimo cha CA-125, kinachosifiwa sana, humpotosha daktari wa vijana, maana hupanda hata kwa kifua kikuu na kwa hedhi ya kawaida.

Ugonjwa wa ukanda wa ziwa

Upo uvimbe mmoja ambao daktari wa Migori au Homa Bay anapaswa kuukumbuka kuliko mwenzake wa London. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Alianza kuwatafuta wengine, akaandika juu yao mwaka 1958, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari ya karibu kilomita 16,000 pamoja na madaktari wenzake Edward Williams na Clifford Nelson, wakiuliza hospitali hadi hospitali: mmewahi kuona hiki? Ramani waliyoichora iliangukia kwenye maeneo ya joto na mvua ambako malaria haikomi. Ukanda wa Ziwa Viktoria umo. Ugonjwa huo leo unaitwa limfoma ya Burkitt, na unahusishwa na malaria ya mara kwa mara pamoja na kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 kutokana na vipande ambavyo Burkitt alivipeleka London.

Wengi wanajua taya. Wachache wanakumbuka kwamba kwa wasichana ugonjwa huu hupenda ovari, mara nyingi zote mbili kwa pamoja. Huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 9, lakini wanaoingia ujanani hawajasalimika. Ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote: seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Na tiba yake ni dawa. Daktari asiyeuwaza atafungua tumbo, ataona ovari mbili zilizovimba, atazikata zote, na atakuwa amemfanya mtoto tasa kwa ugonjwa ambao ungeyeyuka kwa dripu. Kwa hiyo mtoto wa ukanda huu mwenye ovari mbili zilizovimba aangaliwe kinywani kama meno yanalegea, apapaswe taya na shingo, na kipande kidogo kipelekwe maabara kabla ya kuamua lolote kubwa. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu imewatibu watoto wa aina hii kwa miaka mingi.

Maumivu ya ghafla

Uvimbe wowote, hata usio na madhara, huweza kuifanya ovari ijizungushe kwenye shina lake kama nguo inayokamuliwa. Damu hukatika. Maumivu huja ghafla upande mmoja, msichana hutapika, hutulia kidogo, kisha huumwa tena. Hii ni dharura ya saa chache, na mara nyingi hudhaniwa ni kidole tumbo, malaria au vidonda vya tumbo. Asipewe dawa ya maumivu na kuambiwa arudi Jumatatu.

Ndani ya chumba cha upasuaji kuna jaribu lingine. Ovari iliyojisokota huonekana nyeusi, kana kwamba imekufa, na mkono huvutwa kuikata. Uzoefu wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba nyingi kati ya hizo hufufuka zikishanyooshwa, hata zile zilizotisha kwa rangi. Daktari ainyooshe, aiache, na apige picha tena baada ya wiki kadhaa.

Nini cha kuacha

Mwanamke aliyemaliza kuzaa akipatikana na saratani ya ovari, kanuni ni kuondoa mji wa mimba na ovari zote mbili. Kanuni hiyo ikitumiwa kwa msichana wa miaka 15 ni maafa. Saratani yake kwa kawaida iko upande mmoja, na dawa huiweza hata ikishasambaa. Kwa hiyo huondolewa ovari yenye ugonjwa pamoja na mrija wake, na ile nyingine huachwa pamoja na mji wa mimba. Ovari nyingine ikionekana nzima, isikatwe hata kipande cha kuangalia. Na kama ni demoidi, uvimbe humenywa polepole na ovari yenyewe hubaki, hata kama imekuwa nyembamba.

Mkato uwe mrefu wa kutosha kuutoa uvimbe bila kuupasua, maana saratani iliyokuwa imefungwa ikimwagika, hatua ya ugonjwa hupanda pale pale mezani. Maji ya tumboni yachukuliwe. Utumbo, ini na tezi vipapaswe, na kilichoonekana kiandikwe. Kisha kipande kiingizwe kwenye chupa yenye mdomo mpana, kwenye formalini ya ujazo mara kumi ya kipande chenyewe, jina na tarehe vikiwa juu, kiende kwa mpatholojia hata kama ni ndugu atakayekibeba ndani ya matatu. Bila jibu la mpatholojia, hakuna ajuaye kama msichana amepona au anaanza safari.

Dawa ya Indiana na wadi ya Eldoret

Kabla ya miaka ya 1970 saratani hizi ziliua wengi wa waliozipata. Mabadiliko yalianzia kwenye madini. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, aligundua kwamba kemikali zilizotoka kwenye waya wa platini zilizuia bakteria kugawanyika. Kutoka hapo ikapatikana dawa ya sisplatini. Mwaka 1974 Dkt. Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana aliichanganya na dawa nyingine kuwatibu vijana wa kiume wenye saratani ya korodani, nao walioonekana ni wa kufa wakapona. Kwa kuwa saratani ya ovari ya wasichana hutokana na seli za jamii hiyo hiyo, mchanganyiko ulihamia kwao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, wagonjwa 93 walipewa sisplatini, etoposaidi na bleomisini baada ya upasuaji uliotoa ugonjwa wote ulioonekana. 91 walikutwa hawana saratani tena.

Dawa hizo tatu ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Chuo hicho hicho cha Indiana kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi kwa zaidi ya miaka 30, katika mpango wa AMPATH, na Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret huwatibu wagonjwa na kuwafunza madaktari bingwa wa saratani za wanawake. Ujuzi huu haukai ng'ambo ya bahari. Uko ndani ya siku moja ya safari kutoka Muhuru Bay huko Migori.

Matibabu huwa ya duru tatu au nne, kila duru ikianza wiki tatu baada ya iliyotangulia. Nywele hung'oka, na huota tena. Kichefuchefu hupungua kwa dawa. Figo na masikio yachungwe kwa sababu ya sisplatini, na mapafu kwa sababu ya bleomisini: kikohozi kikavu au pumzi fupi iripotiwe mara moja. Wengi hurudiwa na hedhi zao, na wengi wa wanaotaka watoto huwapata. Wapo pia wasiohitaji dawa kabisa, ambao ugonjwa wao ulitolewa mzima ungali ndani ya ovari moja. Hao hufuatiliwa tu, na ndio ushahidi bora wa faida ya kuwahi.

Barabara na mfuko

Kutoka Migori barabara hupitia Rongo, Kisii, Oyugis na Ahero hadi Kisumu. Kutoka Homa Bay hupitia Kendu Bay. Kila rufaa ni nauli ya watu wawili, chakula, malazi ya anayemsindikiza, na siku za kazi zilizopotea kwa mama anayeuza omena. Wagonjwa wengi hukatiza dawa katikati kwa sababu hizi, na kwa saratani hii kukatiza ni kuipa nafasi irudi. Familia isajiliwe kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na usajili ukamilike kabla mtoto hajaugua, kwa sababu ukianza siku ya rufaa huchelewesha kila kitu. Kaunti kwa upande wake inaweza kugharimia usafiri wa wasichana hawa bila kutikisa bajeti, kwa kuwa si wengi.

Atakayesema mambo haya ni makubwa kwa hospitali za ziwani aikumbuke Homa Bay ya mwaka 2001, pale Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kutoa dawa za UKIMWI bure katika hospitali ya umma, wakati wengi duniani wakidai Mwafrika wa kijijini hawezi kumeza vidonge kwa saa. Watu walivimeza, wakaishi, na wengine leo ndio nyanya wanaowaleta wajukuu kliniki.

Kwa hiyo mwalimu anayeona sketi haifungiki asimfukuze msichana, amwandikie barua ya kwenda hospitali. Ikigunduliwa ni mimba, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 unampa haki ya kurudi darasani, na bado anahitaji kliniki kuliko kashfa. Nyamrerwa, yaani mkunga wa jadi, aliyeaminiwa na kijiji atumie imani hiyo kumwelekeza hospitali mapema, na mhudumu wa afya ya jamii aulizie matumbo ya wasichana anapozunguka nyumba kwa nyumba. Afisa wa kliniki asiandike "mimba" bila picha, wala asiandike "si mimba" akaliacha faili. Daktari wa upasuaji asipasue kabla ya kuchukua damu, isipokuwa ni dharura, na asikate kinachoweza kubaki. Na mzazi, kabla hajauliza "ni nani," aulize "unaumwa wapi," kisha ampeleke akapigwe picha wiki hiyo hiyo.